Wageni Wasiosindikizwa

Dada yangu aliandika vitabu vya mapenzi vingi kuliko viatu alivyowahi kuvaa. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Watu walimwita Mama Huba. Mabinti walivificha vitabu vyake chini ya godoro, mama zao wakavifichua ili wakavitupe, kisha wakakaa ukingoni mwa kitanda kuvionja kidogo, na chakula kikaungua jikoni. Yeye hakuolewa. Akiulizwa alisema, "Niolewe mara ngapi? Kila mwaka naposa mimi, naozesha mimi, na hakuna anayenisaidia kuosha vyombo."

Hakuandika kwa mkono. Alisema, na mtu akapiga chapa. Chumba chake cha kazi kilitazama mtaani. Kilikuwa na meza ya mpiga chapa karibu na dirisha, kabati la vitabu vyake, kitanda chembamba cha kupumzikia, na kiti kimoja cha mbao chenye mikono ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Kile kilikuwa kiti cha mgeni, na mgeni ni mwanamume wa kitabu. Akianza kitabu kipya, dada alikigeuza kiti kimtazame, akasema, "Karibu, bwana daktari," au bwana rubani, au bwana hakimu, maana aliwaita kwa kazi zao. Alimuuliza habari za safari. Alinyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. Ndipo akaanza kusema, na chapa ikaanza kulia.

Nilimcheka. Akanijibu, "Mdogo wangu, mtu usiyemkaribisha atakuambiaje siri zake?"

Vitabu vyote viliishia mahali pamoja. Mlango unafungwa, na wawili wanabaki ndani. Yanayofuata aliwaachia wasomaji wayajaze wenyewe.

Na kitabu kikiisha, alimsindikiza mgeni wake. Alijitanda mtandio wake wa kutokea, akafungua mlango, akatembea polepole, kiwiko amekikunja kama aliyeshikwa mkono, mpaka pembe ya barabara anapokaa fundi viatu na kisanduku chake. Hapo alisimama akasema, "Haya, bwana. Mimi nimeishia hapa. Sasa wewe ni wa watu." Akarudi peke yake bila kutazama nyuma, akakigeuza kiti kikatazama ukuta.

Fundi viatu alikwisha kuzoea. "Leo nani, Mama Huba?"

"Rubani."

"Rubani, na anakwenda kwa miguu?"

"Ndege yake haina pa kusimama mtaani kwako."

Wakacheka, na sisi tukacheka. Kumsindikiza mgeni ni adabu, na dada alikuwa mtu wa adabu. Nilidhani ni hayo tu.

Kisha miguu ikamkataa. Ilianza na magoti, halafu akateleza bafuni akavunjika nyonga, na daktari akasema kuishi ataishi, lakini kutembea asahau. Mimi nilikuwa mjane wa siku nyingi, watoto wamekwisha kuwa na nyumba zao, kwa hiyo nikafunga yangu nikaja kumuuguza. Mjukuu wangu alikuwa tayari pale. Ndiye aliyekuwa mpiga chapa wake, na dada alimwita Vidole. Mimi humwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike, maana marehemu babu yake alimposa akiwa bado anatambaa.

Pale kitandani dada alitunga upesi kuliko zamani. Vitabu vikatoka kimoja juu ya kingine, mchapishaji akafurahi mpaka akatuma maua. Kitabu kimoja kilipoisha nikamuuliza, "Na huyu nani atamtoa?"

Akautazama mlango. Akaitazama miguu yake chini ya shuka. "Ni mtu mzima," akasema. "Njia anaijua. Ajiendee." Akamwambia Vidole ageuze kiti, na siku hiyo hiyo akamkaribisha mwingine.

Ikawa hivyo kwa yule, na kwa aliyefuata, na kwa waliofuata.

Mambo yalianza kwa wema, ndiyo maana sikuogopa. Nilikuwa natoka chumbani kwa dada na beseni la maji nimelishika kwa mikono miwili, na mlango umerudishwa. Ukafunguka. Ulifunguka taratibu, kwa upana wa mtu mwenye beseni, ukangoja nipite, ukarudi. Nikasema, "Ahsante, mama," nikidhani ni Vidole. Vidole alikuwa sokoni.

Nikasema ni upepo. Lakini upepo haungezigeuza kandambili zangu. Nilizivua mlangoni ovyo, nikazikuta zimekaa sambamba, zimeelekea nje, tayari kwa miguu yangu. Siku nyingine niliiacha sindano mezani kwa kuwa macho yamegoma kuona tundu, na niliporudi nikaikuta imetungwa uzi. Nikaishonea shuka iliyochanika. Ningefanyaje? Kazi ilikuwa inangoja.

Kilichonitisha ni korido. Ilikuwa korido fupi, tupu, haina hata stuli, nami nikajikuta naipita upande upande kama mtu anavyopita penye wageni wengi waliosimama. Mabega yangu yalijua kabla ya kichwa. Siku moja nikajisikia nasema, "Samahani baba, nipishe," na nikapishwa. Sijui niseme vipi zaidi. Nafasi ikapatikana mahali ambapo hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya rangi ya viatu na ya shati lililotoka kupigwa pasi, katika nyumba ya wanawake watatu. Na nyuma yangu mtu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu mstaarabu anayengoja kusemeshwa.

Aliyeko nje hupiga hodi. Hawa hawakupiga hodi kwa sababu walikuwa ndani tayari.

Nikamwambia dada. Alikuwa anakunywa chai, na kikombe kikasimama kabla ya kufika kinywani. "Wanakusumbua?" akauliza. Hakuuliza ni akina nani.

"Hapana. Wana adabu kuliko wanangu niliowazaa."

"Ndivyo nilivyowatunga. Hakuna mwanamume katili aliyewahi kukaa kiti kile."

"Sasa wanangoja nini, dada?"

Akainywa chai yake mpaka ikaisha.

Jibu nililiona kwa mke mwenzangu. Alianza kujipamba kwenda kupiga chapa: gauni la kutokea, hereni, nywele zimefungwa vizuri na penseli imechomekwa ndani yake. Kila alipokuja kukaa, kiti chake kilikuwa kimekwisha kuvutwa nyuma. Alicheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyenong'onezwa. Na simu ya mchumba wake ikilia aliitazama kama unavyotazama mvua inayonyesha mtaa mwingine.

Mchumba huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole ambaye watu wote walimwita Cheche. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vidogo mikononi, pale cheche za moto zilipoangukia. Si msemaji. Akija kwetu alisema, "Shikamoo, bibi," nikamwitikia, kisha akaanza kutafuta kitu kilicholegea ili akikaze. Alipotutengenezea geti nilimwona amechutama mchana kutwa akilipiga tupa upande wa chini kabisa. Nikamwambia huko hakuna atakayepaona. Akasema, "Watoto hushika huko, bibi." Nilimpenda kuanzia hapo.

Cheche alikuwa amepata kazi mji mwingine, ya kutengeneza kingo za daraja. Walikwisha kupatana kwamba watafunga ndoa na kwenda pamoja, na kazi ilikuwa inamngoja mwisho wa mwezi. Lakini kila alipotajiwa ndoa, Vidole alisema, "Nikimaliza kitabu hiki." Alilisema hilo kwa kitabu cha daktari, akalisema kwa cha mwanasheria, akalisema kwa cha nahodha, na kila kimoja kilipokwisha kingine kilianza kabla chai haijapoa.

Alasiri moja Cheche akaja.

"Bibi, mke mwenzako yupo?"

"Yupo kazini, mume wangu. Pita."

Akapanda kile kidato kimoja cha mlangoni, akasimama. Akajipangusa masizi shatini. "Kumbe mna wageni."

"Unamwona nani?"

"Simwoni mtu. Lakini najisikia kama nimeingia sebule iliyojaa watu waliovaa vizuri, na mimi ndio natoka kazini." Akarudi nyuma hatua moja. "Nitakuja siku nyingine. Mwambie... mwambie bawaba za geti nimezitia mafuta."

"Mwanangu, kweli wewe huna maneno."

"Sina, bibi. Nina bawaba."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikaenda kumwambia mke mwenzangu kwamba mwenzake amelitia geti mafuta.

"Bibi, Cheche hajui kusema," akanijibu, macho kwenye mashine yake ya chapa.

"Hajui kusema, anajua kutenda."

"Wapo wanaojua vyote viwili."

"Akina nani hao?"

Akainama zaidi. "Nikimaliza kitabu hiki tutaongea."

Hapo nikaona wazi. Cheche akiondoka peke yake, mtoto huyu hatatoka tena katika nyumba ile. Atazeekea mezani pale, akivutiwa kiti.

Kitabu kilichokuwa kinaandikwa kilikuwa cha mpima ardhi. Dada alimpenda huyu kuliko wote. Alimtunga na buti zenye matope, mtu mwenye subira, anayeuomba mti ruhusa kabla hajaufunga kamba yake ya kupimia. Ilikuwa imebaki sura ya mwisho. Asubuhi moja dada akafungua kinywa aanze kusema, na kinywa kikaenda upande. Daktari alipokuja akasema ni kiharusi. Mkono wa kushoto ulikuwa umebaki, na macho, na akili pia. Maneno yalikuwa yamekwenda.

Nilimtoa daktari mpaka getini. Niliporudi ndani nikasikia chapa inalia.

Vidole alikuwa mezani. Anaandika, anatua, anainamisha kichwa upande wa kile kiti, anaandika tena. Dada alikuwa amelala macho wazi, chozi linateremka kuelekea sikioni.

"Unaandika nini, mama?"

"Sura ya mwisho."

"Nani anakuambia?"

"Yeye." Hakulisema kwa hofu. Alilisema kama mtu anavyosema jirani, au fundi.

Nikavaa miwani nikasoma juu ya bega lake. Mimi ni msomaji wa polepole, lakini nilisoma. Mpima ardhi alikuwa amemwacha yule mwanamke wa kitabuni njiani bila hata kwaheri. Sasa alikuwa anamsemesha binti aliyekaa karibu na dirisha, mwenye penseli nywelini na kovu dogo kidevuni. Kovu hilo mjukuu wangu alilipata kwenye ngazi yangu mimi, akijifunza kutembea. Na mstari wa mwisho ulisema: *Usiende popote. Mlango nitaufunga mimi.*

Nikakaa kitandani nikaushika mkono wa dada, ule mzima. "Wale wote walioachwa wajiendee," nikamwambia, "hawakwenda. Wamo humu." Akafumba macho, akafumbua. "Tufanyeje, dada?"

Mkono ukanitoka. Vidole viwili vikasimama juu ya shuka kama miguu, vikatembea, kimoja mbele ya kingine, mpaka ukingoni mwa kitanda. Vikasimama pale. Kisha vikageuka, vikarudi peke yao.

"Uwasindikize wewe mwenyewe?"

Akafumba, akafumbua.

Sikuwa na pa kukimbilia ila kwa mtu asiye na maneno. Nilimkuta Cheche karakanani kwake, amejiinulia ngao ya uso. Nikamweleza yote, toka beseni mpaka kovu. Hakunicheka. Hakuniambia, bibi, umezeeka. Aliniuliza, "Mlango wenu una upana gani?"

Kesho yake akaja na kiti cha magurudumu alichokiunda mwenyewe kwa mabomba na magurudumu ya baiskeli, kimewekwa mto, na kila mahali ambapo mkono wa mgonjwa ungeshika pamepigwa tupa mpaka pakawa laini kama kijiko. Alileta pia bati nene la kulaza juu ya kidato cha mlangoni. Akambeba dada kama mtu anavyobeba mayai. Nikamtanda mtandio wake wa kutokea.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda, watoto wamekwenda shule, mtaa umetulia. Dada akakikunja kiwiko chake. Kwa kuwa yeye hakuweza, mimi nikasema, "Haya, mabwana. Mama Huba yuko tayari kuwatoa."

Sakafu ya korido ikalia, kwanza mahali pamoja, halafu pengine, halafu kote. Cheche akavua kofia.

"Twende, mke mwenzangu," nikaita.

"Nikimaliza kitabu hiki," akajibu kutoka mezani. Hakugeuka.

Tukatoka. Mimi nasukuma, Cheche anatangulia kuondoa mawe njiani. Nyuma yetu palikuwa kimya, lakini si kimya cha barabara tupu. Kilikuwa kimya cha watu wengi wanaokwenda kwa adabu, wakipunguza hatua kwa ajili ya mgonjwa. Mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata mkia wake, akaingia chini ya gari. Sikutazama nyuma. Dada hakuwahi kutazama nyuma, nami sikutaka kuwa wa kwanza.

Fundi viatu akainua uso na mzaha wake tayari. "Leo nani, Mama..." Akaukatisha. Akaivuta miguu yake ndani. Akakisogeza kisanduku, akauvuta na mwavuli. Alikuwa ametazama chini, na kichwa chake kikawa kinafuata kitu kinachopita, kikirudi, kikifuata kingine, kikirudi, muda mrefu.

"Haya, mabwana," nikasema. "Sisi tumeishia hapa. Sasa ninyi ni wa watu." Midomo ya dada ilijaribu kusema pamoja nami.

Ukapita upepo wenye harufu ya rangi ya viatu. Kisha barabara ikawa barabara.

"Umewaona?" nikamuuliza fundi viatu.

"Nyuso sikuziona. Mimi huangalia viatu." Akajifuta jasho. "Vyote vimepakwa rangi. Maisha yangu yote sijaona msafara wa watu wasiohitaji fundi." Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Ila mmoja."

"Mmoja ana nini?"

"Buti za matope. Zimefika hapa zikasimama. Halafu zikageuka, zikarudi kwenu."

Cheche alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

Nilipofika na dada nilimkuta anausukuma mlango wa chumba cha kazi kwa bega. Mlango ule hauna ufunguo wala komeo, haujawahi kuwa navyo. Ndani chapa ilikuwa inalia haraka haraka. "Vidole!" aliita. "Vidole, ni mimi!" Akanigeukia, uso umemtoka jasho. "Bibi, ungekuwa wa chuma ningeukata. Huu ni wa mbao tu, na unakataa."

Nikaelewa. Mgeni hatolewi kabla hajamaliza shauri lililomleta, na huyu kitabu chake hakikuwa na mwisho. Akiuandika yeye, mlango utafungwa, na wawili watabaki ndani.

Lakini dada alimtunga kwa wema, na mtu hutenda kama alivyotungwa. Nikaenda jikoni nikachukua beseni. Nikalijaza maji mpaka juu, nikarudi nalo kwa mikono miwili, nikasimama mbele ya mlango.

"Hodi, bwana," nikasema. "Mikono yangu imejaa."

Chapa ikanyamaza. Mlango ukafunguka, taratibu, kwa upana wa mtu mwenye beseni.

Nikalitua beseni mezani, juu ya karatasi zake. Nikavuta stuli nikakaa karibu na kiti cha mgeni, karibu kuliko alivyowahi kukaa mtu yeyote, nikahisi baridi ya udongo uliotoka kuchimbwa. Nikaishika mikono ya mjukuu wangu. Ilikuwa ya baridi vilevile.

"Ipumzishe kidogo. Sasa andika ninayosema mimi."

"Bibi, wewe hujui kutunga."

"Mama yako na ndugu zake walilala kwa dawa, au kwa hadithi zangu? Andika."

Sijui kwa nini alinitii. Labda ni ile sauti, niliyomlazia nayo. Nikasema, naye akaandika:

*Mpima ardhi alikuwa amechoka. Alikuwa amepima viwanja vya watu wote na yeye hakuwa na pa kukaa. Akafika kwa mjane mmoja, mtu mzima, mwenye magoti mabovu na macho yasiyoona tundu la sindano. Mjane hakuwa na uzuri wa kuandikwa kitabuni. Akamwambia: Bwana, vua buti ukae. Yule binti wa dirishani ni mjukuu wangu. Ana mtu wake, na mtu wake yuko mlangoni. Mimi sina mtu. Milango ni mizito na siku ni ndefu. Ukiwa unatafuta wa kumtendea wema, nitendee mimi.*

Kiti cha mbao kikalia, kama mtu aliyekaa amegeuka. Nikajua natazamwa. Sikuwa nimetazamwa hivyo tangu marehemu wangu aniage, na nitasema kweli, niliona haya, nikauweka sawa mtandio.

*Mpima ardhi akamtazama muda mrefu,* nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa imepungua. *Akavua buti.*

Chini ya kiti kitu kizito kikatua sakafuni. Kisha cha pili.

"Sasa andika mwisho, mke mwenzangu. Ule wa Mama Huba, wa vitabu vyake vyote."

"Bibi..." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi alikuwa ananitazama mimi, si ile nafasi iliyoko pembeni yangu.

"Andika."

Akaandika: *Mlango ukafungwa, na wawili wakabaki ndani.*

"Basi toka, mama. Toka haraka."

Akainuka. Hakuna aliyekivuta kiti chake. Alikisukuma mwenyewe, akajigonga goti kwenye meza, akapiga ukelele wa maumivu, na sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Akachechemea mpaka mlangoni. Cheche alipiga magoti pale pale kwenye korido akaanza kulitazama goti lake.

Mlango ukafungwa polepole, na wawili tukabaki ndani.

Sitaeleza nilichokisema mle wala nilichojibiwa. Dada hakuwahi kueleza, nami nafuata desturi ya nyumba. Nilipotoka chai ilikuwa imepikwa. Vidole alinitazama juu mpaka chini, macho mekundu. "Bibi," akasema, "umeninyang'anya mume."

"Uke wenza ndio huo," nikamjibu.

Upande mmoja wa uso wa dada ulicheka, mpaka kikombe kikatikisika.

Walifunga ndoa, wakaondoka mwisho wa mwezi. Dada aliishi mpaka mvua zilipoanza, akafa mchana akiwa amelala, kiti kikiwa kimetazama ukuta. Kitabu cha mpima ardhi kilitoka. Mchapishaji aliniambia wasomaji wamelalamika, wanauliza mwanamume kama yule ameona nini kwa kikongwe. Lakini akasema wapo kina mama wa umri wangu walionunua viwili viwili.

Sasa niko kwangu, na kile kiti cha mgeni nimekuja nacho. Nikibeba beseni, mlango hufunguka. Sindano hutungwa uzi. Asubuhi nafagia matope kidogo karibu na mkeka, namwambia, "Bwana, si nilikuambia uvue?" Mtu wa miaka yangu hushukuru kuwa na wa kumgombeza.

Kandambili zangu pia huzikuta zimepangwa, zimeelekea ndani nikiingia, zimeelekea nje nikitaka kwenda uani. Ila siku hizi nazikuta zimeelekea mlango wa barabarani, hata kama sina safari. Na kile kikohozi cha adabu husikika ukumbini, cha mtu anayetaka kumsindikiza mgeni lakini hapendi kumharakisha.

Jana nilizigeuza kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Subiri kidogo, bwana. Mke mwenzangu anakaribia kujifungua. Nataka kwanza nimwone mtoto."

Kiti kikalia. Akakaa tena. Ana adabu, nilikwisha kusema.

Lakini asubuhi hii nilipoamka nimekuta viatu vyangu vya kutokea, ambavyo sijavivaa tangu mazishi ya dada, vimetolewa kabatini. Viko mlangoni, sambamba, vimepakwa rangi, vinang'aa.